Silaha Zilipita Wapi? Kwa Nini Watu wa Mweru Husitasita Kuamini Habari za Magendo ya Silaha

Tunaandika katika kumbukumbu ya tarehe 20 Juni. Siku hii Afrika iliiadhimisha kwanza kama Siku ya Wakimbizi wa Afrika, na tangu mwaka 2001 ni ya dunia nzima. Katika toleo hili tumeona vema kuandika juu ya jambo linalozungumzwa sana kwenye visima, sokoni, na jioni watu wanapokusanyika penye redio: habari za silaha zinazoingizwa Kongo kwa magendo.

Redio hutaja ndege, makampuni na mataifa. Wasikilizaji hutikisa kichwa. Mmoja husema hayo ni maneno ya wakubwa wanaogombana. Mwingine husema mwandishi amelipwa ili achafue jina la nchi fulani. Wa tatu huamini yote, na akifika nyumbani huongeza yake. Wafanyakazi wageni hutuuliza: je, watu waliokimbizwa na bunduki hawataki kujua bunduki hizo zilitoka wapi? Tunataka sana. Lakini ukitazama historia ya ziwa letu na ya nchi jirani, utaona kwamba mashaka haya hayakuanza jana.

BUNDUKI ZA ZAMANI

Kabla ya mipaka ya leo, bunduki na baruti zilifika kwetu kwa njia mbili. Moja ilitoka pwani ya mashariki pamoja na misafara ya Waswahili na Waarabu. Nyingine ilitoka Benguela, upande wa Angola, pamoja na misafara ya Waovimbundu. Msiri wa Bunkeya alizipata kwa kuuza pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa, na kwa bunduki hizo akatawala nchi kubwa magharibi ya Luapula.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupinga biashara ya watumwa, mkataba huo ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa karatasi lilikuwa jambo jema. Lakini serikali za kikoloni ziliachiwa nafasi ya kujiletea zake. Desemba 1891 msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold, ulifika Bunkeya na bunduki zake, na Msiri akapigwa risasi akafa tarehe 20 mwezi huo. Mwaka 1899 jeshi la Waingereza lilichoma mji wa Mwata Kazembe, naye akavuka Luapula kukimbilia upande wa Kongo. Kumbe watu wamekuwa wakivuka maji haya kwa sababu ya bunduki, kwenda na kurudi, kwa zaidi ya miaka 100.

Somo ambalo wazee walibaki nalo ni hili: anayetangaza kwamba silaha ni mbaya, kwanza mtazame mkononi.

GOMA, 1994 HADI 1996

Kisa kilicho wazi kuliko vyote katika nchi zetu ni kile cha Goma. Tarehe 17 Mei 1994, mauaji ya Rwanda yakiendelea, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku kuipelekea Rwanda silaha. Hata hivyo silaha ziliendelea kushuka katika uwanja wa ndege wa Goma, hatua chache kutoka mpakani. Mei 1995 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya jambo hilo. Waliotajwa walikana. Serikali ya Zaire ilikana. Wasomaji wengi nao walisema ni propaganda ya upande mmoja, maana kila upande ulikuwa na redio yake na gazeti lake. Na nani angewalaumu? Mwaka uliotangulia watu walikuwa wameisikia redio ya Kigali, RTLM, ikichochea mauaji. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Septemba 1995 Baraza la Usalama liliunda tume ya uchunguzi. Machi 1996 tume hiyo ilieleza habari za Ushelisheli. Kule kulikuwa na silaha zilizokamatwa katika meli mwaka 1993. Juni 1994 dalali mmoja wa Afrika Kusini alifika kuzinunua, akifuatana na Kanali Théoneste Bagosora wa Rwanda. Hati zilisema mtumiaji wa mwisho ni Zaire. Ndege ikafanya safari mbili hadi Goma katikati ya mwezi huo. Bagosora baadaye alihukumiwa na mahakama ya Arusha kwa makosa ya mauaji yale.

Kisha Novemba 1996, kambi za Goma zilipovunjika, karatasi zilipatikana katika basi lililoachwa Mugunga. Ndani yake mlikuwa na ankara za kampuni ya Mil-Tec, iliyoandikishwa katika kisiwa cha Man karibu na Uingereza. Zilionyesha shehena za silaha kutoka Tel Aviv na Tirana hadi Goma kati ya Aprili na Julai 1994, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 5. Ikabainika pia kwamba sheria ya Uingereza ya kutekeleza marufuku ile haikuwa imepelekwa katika kisiwa hicho. Hakuna aliyepelekwa mahakamani.

Tazameni mpangilio wa mambo, ndugu wasomaji. Habari ilikuwa kweli. Lakini uthibitisho ulifika miaka 2 baada ya wafu kuzikwa, na hata ulipofika, kampuni haikuadhibiwa. Mtu akiona hivyo, kesho akisikia habari nyingine hujiuliza: nikiamini, kutabadilika nini?

LUSAKA NA PWETO

Huku Zambia nako tuna mifano. Mapema mwaka 1999 Angola iliishutumu Zambia kwamba silaha za UNITA zinapita katika ardhi yake. Zambia ilikana. Tarehe 28 Februari mabomu yalilipuka Lusaka, likiwemo moja katika ubalozi wa Angola. Machi gazeti la The Post liliandika juu ya udhaifu wa jeshi la Zambia likilinganishwa na la Angola. Waandishi wake walikamatwa na kushtakiwa kwa upelelezi. Mwaka 2000 mahakama iliwaachia huru wote, mhariri Fred M'membe akiwa wa mwisho. Lakini mwananchi wa kawaida alikwisha kujifunza kwamba habari ya silaha inaweza kumfunga mtu, iwe kweli au si kweli. Basi huisikiliza kwa sauti ya chini na haisemi.

Julai 1999 mapatano ya kusimamisha vita vya Kongo yalitiwa sahihi Lusaka. Redio zilisema amani. Desemba 2000 Pweto ilianguka mikononi mwa RCD na jeshi la Rwanda. Raia kwa maelfu walivuka, na askari wa Kongo na wa Zimbabwe walivuka pamoja nao, wakaacha nyuma magari na silaha nzito. Askari walinyang'anywa bunduki upande wa Zambia, na raia wakapelekwa kambi za Mwange na Kala. Kwa hiyo watu wa ufuko huu waliziona silaha za mataifa kadhaa kwa macho yao wenyewe. Walipokuja kusikia redioni nchi moja tu ikilaumiwa, walijua hadithi imekatwa.

FILAMU YA MWANZA

Kisa kingine ni cha ziwa la jirani, Viktoria. Mwaka 2004 Hubert Sauper, raia wa Austria, alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare. Ilionyesha ndege kubwa za mizigo zikichukua minofu ya sangara kutoka Mwanza kwenda Ulaya, nayo ikauliza zinakuja na nini. Baadhi ya waliohojiwa walisema zinaleta silaha za vita vya Kongo na Angola. Filamu ilipata sifa nyingi Ulaya na Marekani. Lakini haikuonyesha hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga. Ufaransa mwanahistoria mmoja aliandika kitabu kuikosoa, wakafikishana mahakamani.

Sisi wavuvi wa Mweru tunawaelewa watu wa Mwanza. Samaki ni chakula na ada ya shule. Habari ikisema samaki wako ananuka damu, utakasirika kabla ya kuuliza kama ni kweli. Lakini hasira haikujibu swali la ndege zilizokuja tupu au zisizo tupu. Pande zote mbili, waliosifu na waliokemea, wengi hawakuwa wameona orodha ya mizigo ya ndege hizo.

KILWA, MWAKA 2004

Ng'ambo yetu, Kilwa, Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini. Tarehe 15 jeshi la serikali liliurudisha mji, na raia wengi wakauawa. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi wakiwa na habari mdomoni. Nani aliwasikiliza? Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walifika, na baadaye wakahesabu waliouawa kuwa zaidi ya 70. Televisheni ya Australia iliieneza habari hiyo Juni 2005. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji hayo. Ni mwaka 2017 ndipo uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ulipotangazwa, ukiitaka serikali ya Kongo iwalipe waathirika.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Kesi hiyo ilisimama juu ya maneno ya watu wa ziwa hili, waliosema walichoona, mahali gani na siku gani, bila kuongeza.

SILAHA ZA KARIBU

Tangu mwaka 2004 Umoja wa Mataifa una kundi la wataalamu wanaochunguza marufuku ya silaha Kongo. Kazi yao ni kusoma namba zilizogongwa kwenye bunduki, kufuata hati za ndege na kuhoji waliojisalimisha. Mara kwa mara wameandika jambo ambalo redio hulipitia haraka: silaha nyingi za vikundi hazikushuka usiku kwa ndege ya kigeni. Zilitoka katika maghala ya jeshi lenyewe, zikauzwa, zikaibwa au zikatekwa. Na wale waliokimbia Tanganyika na Haut-Katanga mwaka 2017, wakapokelewa Kenani na kisha Mantapala kuanzia Januari 2018, wanajua kwamba wengine walifukuzwa kwa mishale, si kwa bunduki. Ukingoja dalali wa ng'ambo peke yake, hutamwona mwenye ufunguo wa ghala.

TUFANYE NINI?

Mkataba wa Wakimbizi wa Afrika ulitiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ukaanza kutumika tarehe 20 Juni 1974. Kifungu chake cha 3 kinakataza mkimbizi kushambulia nchi mwanachama kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Waliouandika waliweka bunduki na habari katika sentensi moja. Uvumi kwamba "kambi ina silaha" unatosha kufanya askari waingie usiku na wenyeji watuogope. Kwa hiyo nasi tuna deni la kusema kwa uangalifu.

Kamati inashauri hivi. Ukisikia habari ya silaha, uliza: nani aliona? Kuna hati, namba, tarehe? Aliyetajwa amejibu nini? Nani anafaidika tukiamini, na nani anafaidika tusipoamini? Habari isiyo na majibu hayo iweke kando, usiieneze. Yenye majibu usiikatae kwa sababu tu imesemwa na mgeni, au imegusa kabila lako au nchi yako. Mfanya magendo hapendi mtu anayeuliza. Humfaa yule anayeamini kila kitu, na zaidi humfaa yule asiyeamini chochote.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, mkija na daftari kutuuliza, rudini pia kutuambia maneno yetu yalifika wapi. Wengi wetu tumehojiwa mara nyingi na hatujawahi kusomewa jibu. Hapo ndipo mashaka mengi yalipozaliwa, na hapo ndipo yanaweza kupungua.

Tunawatakia kumbukumbu njema, na wale walioachwa ng'ambo Mungu awalaze pema.