Kubanika Mbavu: Tafsiri ya Barbekyu

Katika istilahi za mapishi zilizoingia katika Kiswahili kwa njia ya Kiingereza na Kifaransa, haba ni zile zilizoleta utatanishi kama barbekyu, kwa kuwa neno hilo moja hubeba maana ya chombo cha kupikia, ya chakula chenyewe, ya karamu inayokusanya watu, na ya ufundi maalumu wa kuivisha nyama kwa joto la upole na moshi kwa muda wa saa kadhaa. Mfasiri mwenye haraka huiita nyama choma akapita. Naye mpishi wa nyumbani, akiiamini tafsiri hiyo, huzitandaza mbavu juu ya makaa makali, zikaungua nje na kubaki ngumu mfupani. Muradi wa makala haya ni kuonyesha kwamba lugha yetu inalo neno lililo karibu zaidi na ufundi huo, nalo ni kubanika, na kwamba lastahili kurudishwa jikoni pamoja na maarifa yake.

Asili ya barbekyu ni barbacoa, jina ambalo Wahispania wa karne ya 16 walilipata kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibiani, na ambalo lilikuwa la jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya ardhi. Mtu wa pwani akisomewa maelezo hayo hatakawia kuitambua chanja, yaani fito zilizofungwa pamoja juu ya nguzo, ambazo juu yake samaki huanikwa na kukaushwa. Ama kubanika kwenyewe kwatokana na kubana: nyama au samaki hubanwa katika kijiti kilichopasuliwa, nacho kijiti huchomekwa kando ya moto, mbali na ndimi zake, hata kitu kiive kwa hari inayokizunguka. Kuchoma ni kukikabilisha kitu na makaa yenyewe. Kuoka ni kukifungia ndani ya tanuri. Kuvumbika ni kukizika katika majivu ya moto. Kila kitendo kina namna yake ya joto, na kila namna ya joto ina nyama iifaayo.

Kapata, mojawapo ya makazi ya wafanyakazi wa migodi kandokando ya Kolwezi, mji wa Kongo ulioanzishwa na kampuni ya madini ya Union Minière mwaka 1937, ni mahali pazuri pa kuipima tofauti hiyo. Kiswahili cha ukanda wa shaba kina msamiati wake wa moto: makaa huitwa makala, na jiko la bati la makaa huitwa mbabula. Nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande, ikachomwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, huitwa michopo, kama vile Waganda waiitavyo yao muchomo. Michopo ni kuchoma hasa, na hakuna kasoro katika kuchoma, maadamu vipande ni vidogo na mlaji anapenda kutafuna. Lakini ubavu mzima hautaki kutendewa hivyo.

Sababu yake imo katika maumbile. Misuli iliyo kati ya mbavu hufanya kazi maadamu mnyama anavuta pumzi, na kwa ajili hiyo imesheheni kolajeni, ile protini ngumu inayofunga nyuzi za nyama pamoja na kuzishika kwenye mfupa. Joto la ndani likipita digrii 60, kolajeni husinyaa na kuikaza nyama. Likifikia 70 na zaidi, ikipewa muda, huyeyuka ikawa jelatini, kitu laini chenye utelezi kinachoifanya nyama iliyoiva kabisa ionekane ina maji. Ndiyo maana ubavu huwa laini penye digrii 90 hadi 95, ilhali mnofu mwororo wa mgongoni ungekwisha kukauka zamani. Katikati ya safari joto la nyama husimama kwa muda mrefu, kwa kuwa unyevu unaotoka juu yake huipoza kama jasho limpozavyo mtu. Mpishi asiyejua jambo hilo hukoleza moto na kuharibu kazi yake. Wako pia wanaochemsha mbavu kwanza ili kufupisha saa, lakini ladha na jelatini nyingi hubaki ndani ya maji, na huko Kolwezi, mji ulio zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yenyewe huchemka karibu na digrii 95, kwa hiyo haraka inayotarajiwa hupungua.

Ama viungo, neno lake ni kukoleza, ambalo ni zaidi ya kutia: chakula kilichokolea ni kile ambacho ladha imeingia hata ikaenea. Kabla ya yote, ugeuze ubavu upande wa ndani, uinue kwa ncha ya kisu ule utando mweupe uliofunika mifupa, uushike kwa kitambaa kikavu usiteleze, kisha uuvute taratibu utoke mzima, kwani utando huo hauliki vizuri na huzuia chumvi kupita. Chumvi gramu 15 kwa kila kilo ya nyama yatosha, nayo ipakwe usiku wa kuamkia siku ya kupika, maana ndiyo peke yake iingiayo ndani sana. Vitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na ndimu hukaa juujuu, na kazi yao ni harufu na rangi. Papai bichi, ambalo wapwani hulisaga kwa ajili ya mishikaki, hulainisha kweli, lakini likikaa mno nyama hugeuka ujiuji. Sukari, asali na nyanya zingoje nusu saa ya mwisho, kwa sababu huungua upesi na kuacha uchungu.

Moto uwe wa makaa yaliyokwisha kuvaa majivu meupe. Katika nusu ya pipa, makaa hurundikwa upande mmoja na mbavu hulazwa upande wa pili, zikafunikwa, joto la humo likae kati ya digrii 110 na 135. Mbabula ni nyembamba na haina kando. Basi wavu uinuliwe, makaa yawe machache, na juu pafunikwe kwa beseni la chuma. Pipa lililowahi kubeba kemikali za kiwanda halifai kabisa, wala bati lililopakwa zinki, kwani mvuke wake ni sumu. Makaa ya miti ya miombo hutoa joto zuri lakini moshi kidogo, kwa hiyo kipande kikavu cha mti wa mwembe hutiwa pembeni, nacho kikitoa moshi mwembamba usio mweusi, harufu hukaa. Mbavu za nguruwe, kwa wale ambao dini haiwakatazi, hutaka saa nne hadi tano, na kuziivisha hadi ndani kabisa huwakinga walaji na tegu. Za mbuzi, kwa wembamba wake, hutaka muda mchache zaidi. Alama ya kuiva ni nyama kurudi nyuma na kuacha ncha ya mfupa wazi kadiri ya sentimita moja, na ubavu ukiinuliwa kwa koleo upande mmoja, hupinda na uso wake ukaanza kupasuka.

Basi fasili iwe hivi: kubanika ni kuivisha nyama iliyokolezwa chumvi na viungo, kwa joto la upole lisilotoka chini yake moja kwa moja, pamoja na moshi, mpaka kolajeni yake iyeyuke. Chombo na kiitwe chanja, na chakula mbavu za kubanika. Barbekyu ibaki jina la karamu, kwa kuwa huko imekwisha kuzoeleka. Lakini aandikaye maelekezo ya mapishi na atumie kitenzi kinachomwambia msomaji mahali pa kuweka moto, kwani hapo ndipo mbavu huiva vyema au huharibika.