Siku za Baba: Historia ya Likizo ya Uzazi kwa Wanaume

Sheria za kazi zilipoanza kuandikwa katika nchi za viwanda za Ulaya, baba hakuonekana ndani yake ila kwa sura ya mtu wa ijara, ambaye mahali pake palikuwa mbele ya mashine na ambaye habari za nyumbani kwake hazikumhusu tajiri wake. Mama ndiye aliyetangulia kuonekana, naye alionekana nusu. Sheria ya viwanda ya Uswisi ya mwaka 1877 ilimweka mbali na kazi kwa majuma manane kwa jumla, kabla na baada ya kujifungua; Ujerumani ikafuata mwaka 1878 kwa majuma matatu baada ya kujifungua, bila ujira wowote, hata mwanamke maskini akaiona hifadhi hiyo kuwa adhabu, maana alikatazwa kazi naye hakupewa kitu cha kula. Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza huko Washington mwaka 1919, kosa hilo lilisahihishwa: mkataba wake wa tatu ulimpa mama majuma sita kabla ya kuzaa na sita baada yake, pamoja na malipo ya kumtosha yeye na mtoto wake kuishi kwa afya. Baba hakupewa hata siku moja.

Nimeanza na mama kwa sababu yaliyompata yeye katika karne ya kumi na tisa ndiyo yaliyompata baba miaka mia baadaye. Likizo isiyo na malipo humhifadhia mtu nafasi yake ya kazi, wala haimhifadhii chungu chake. Na mwenye familia akilazimika kuchagua kati ya kumbeba mwanawe na kumlisha, atakwenda kazini. Tena hata palipo na malipo, liko swali la nani alipaye: ikiwa ni mwajiri peke yake, kila mtoto azaliwaye humwia hasara, naye hutafuta njia ya kuikwepa; ikiwa ni mfuko ambao wote wameuchangia, mzigo hugawanyika na chuki hupungua.

Ufaransa ilikuwa miongoni mwa nchi zilizomtambua baba mapema. Kwa sheria ya mwezi Mei mwaka 1946, vita vimekwisha na taifa likitamani watoto, kila mkuu wa nyumba aliyeajiriwa alipewa siku 3 za mapumziko kwa kila mtoto aliyezaliwa nyumbani mwake. Siku hizo zilitosha kwenda kuandikisha jina la mtoto serikalini na kumrudisha mama nyumbani, nazo zilidumu hivyo kwa zaidi ya nusu karne, mpaka mwaka 2002 zilipoongezewa 11. Tangu Julai 2021 zimekuwa 28, na 7 kati ya hizo ni faradhi, yaani mwajiri hana ruhusa ya kumpa baba kazi katika siku hizo hata baba mwenyewe akitaka.

Walakini nchi iliyoligeuza jambo hili toka fadhila kuwa haki ni Uswidi, na habari zake zafaa kuelezwa kwa kituo. Mwaka 1961 mwandishi mwanamke, Eva Moberg, alitoa makala iliyoamsha mjadala mkubwa nchini mwake, akihoji kwa nini mwanamke ahesabiwe kuwa na kazi mbili na mwanamume kazi moja, ilhali wote wawili ni wanadamu na kazi yao kubwa ni ile moja ya kuwa wanadamu. Mawazo hayo yalipanda ngazi hata yakafika kwa wenye mamlaka. Mnamo Juni 1970 Waziri Mkuu Olof Palme, akihutubia huko Washington, alichagua kusema juu ya ukombozi wa mwanamume, akashikilia kwamba mwanamume naye amedhulumiwa kwa kutengwa na watoto wake, na kwamba mwanamke hawezi kupata usawa kazini maadamu mumewe hana nafasi nyumbani. Kwa wakati ule maneno hayo yalikuwa mageni sana kinywani mwa mkuu wa serikali.

Mwaka 1974 yakawa sheria. Likizo ya mama ilifutwa, na mahali pake pakawekwa bima ya wazazi: siku 180 zenye malipo ya asilimia 90 ya mshahara, zitolewazo na bima ya taifa wala si na mwajiri, ambazo baba na mama waligawana wapendavyo. Hakuna nchi iliyopata kufanya hivyo kabla yake. Na matokeo? Katika mwaka huo wa kwanza wanaume walichukua takriban nusu ya asilimia moja ya siku zote zilizotumika. Haki ilikuwapo, fedha zilikuwapo, na akina baba hawakutokea.

Mamlaka ya bima ikadhani kwamba kizuizi ni haya, ikatafuta njia ya kuiondoa. Katika mabango iliyoyatoa katika miaka ya sabini, moja lilipata umaarufu likakumbukwa hadi leo: Lennart Dahlgren, mnyanyua vyuma ambaye watu walimwita Hoa-Hoa, mtu wa mabega mapana, amempakata mtoto mchanga aliyekaa juu ya mkono wake mnene kama ndege juu ya tawi la mbuyu, na maandishi yakitangaza kwamba huyu ni baba aliye katika likizo ya mtoto. Bango lilipendwa sana. Wanaume walilitazama, wakatabasamu, wakaenda kazini. Kwa kuwa siku zilikuwa za wazazi wote wawili, na mshahara wa baba aghalabu ndio mkubwa, kila familia ilipopiga hesabu iliona nafuu mama abaki. Na msimamizi wa kazi, alipoombwa ruhusa na mwanamume, aliweza daima kumwuliza kama mkewe hayupo.

Lililovunja ukuta huo ni kifungu kifupi cha sheria. Bengt Westerberg, naibu waziri mkuu na kiongozi wa chama cha kiliberali, alisimama kidete mpaka likapitishwa neno kwamba mwezi mmoja wa likizo utakuwa wa baba pekee, hauhamishiki kwa mama, na asipouchukua unapotea. Neno hilo lilianza kutumika mwaka 1995. Mwezi wa pili uliongezwa mwaka 2002, na wa tatu mwaka 2016. Sasa wazazi wa Kiswidi wana siku 480 kwa kila mtoto, na katika hizo siku 90 ni za baba peke yake na 90 za mama peke yake; na sehemu ya siku zitwaliwazo na wanaume imepanda hadi karibu asilimia 30. Naona ndani ya tukio hilo hekima kubwa ya utungaji wa sheria, kwa kuwa mwanamume alipoambiwa kwamba anaweza, hakwenda. Alipoambiwa kwamba siku ni zake na zitapotea, alikwenda, na msimamizi wake akakosa la kumwuliza. Norway ilikuwa imetangulia kidogo, mwaka 1993, kwa majuma manne ya baba, na Iceland mwaka 2000 iliamua kuigawa likizo kwa mafungu matatu ya miezi mitatu mitatu: la mama, la baba, na la kugawana.

Marekani ilishika njia nyingine. Rais George Bush aliukataa muswada wa likizo ya familia mara mbili, mwaka 1990 na 1992, na Bill Clinton akautia saini Februari 1993, siku chache baada ya kushika madaraka. Sheria hiyo humpa baba, sawasawa na mama, hadi majuma 12, nayo kwa idadi ya siku yazishinda nchi nyingi. Ila majuma hayo hayana malipo, tena hayamhusu mfanyakazi wa kampuni yenye watu wasiotimia 50. Mwenye akiba hukaa na mwanawe, na asiye nayo hurudi kazini. California ilikuwa jimbo la kwanza kuweka malipo, mwaka 2004, kwa mfuko uliochangiwa na wafanyakazi wenyewe.

Huku kwetu mwambao, jambo la baba na mzazi lilikuwa na utaratibu wake kabla ya kuja kwa mshahara. Mzazi alikaa ndani siku arobaini, akahudumiwa na mama yake, shangazi na somo yake: walimkanda kwa maji ya moto, wakamfunga mkaja tumboni, wakamnywesha uji wa pilipili manga. Baba hakuwa na kazi chumbani humo, lakini hakuwa mtu wa kukaa bure. Aliadhini katika sikio la kulia la mwanawe na kukimu katika la kushoto. Siku ya saba akachinja akika, mbuzi wawili kwa mwana wa kiume na mmoja kwa wa kike, nywele za mtoto zikanyolewa, uzani wake kwa fedha ukatolewa sadaka, na jina likatangazwa. Fauka ya hayo, kuni, kuku wa supu na tunzo ya mkunga vilikuwa juu yake. Mvuvi au mkulima alikuwa mwenye siku zake mwenyewe, basi hakuwa na haja ya kumwomba mtu ruhusa.

Mtu wa mshahara anayo haja hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, humpa baba siku 3 zenye malipo, nazo ni lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Na katika mzunguko wa likizo wa miezi 36, siku ni hizo hizo 3 hata watoto wakizaliwa wawili kwa nyakati mbalimbali. Mama ana siku 84, au 100 akijifungua pacha. Nakiri kwamba mtu aliyezungukwa na jamaa zake siku 3 huenda zikamtosha. Lakini mfikirie karani wa Dar es Salaam aliyepanga chumba Mbagala, mama mkwe yuko Newala, na mkewe amejifungua kwa upasuaji. Siku ya kwanza huimaliza kati ya dirisha la dawa na benchi la wodi. Ya pili hungoja ruhusa ya daktari ili amrudishe mkewe. Ya tatu huchota maji, hupika, hufua nguo za mtoto, na usiku hujifunza namna ya kumnyanyua mgonjwa wa kidonda bila kumwumiza. Siku ya nne yuko kazini, na nyumbani yupo mwanamke asiyeweza kuinua ndoo. Akitaka zaidi, hula siku zake 28 za likizo ya mwaka.

Majirani wanatofautiana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mume siku 4 za kazi kwa mwaka, na kwa huruma ya kusifiwa ikazitoa hata pale mimba ilipoharibika. Kanuni ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 hutoa siku 2. Kenya ndiyo iliyofungua mkono, kwani sheria yake ya mwaka 2007 humpa baba majuma mawili kwa mshahara kamili. Lakini mshahara huo, kama ule wa siku 3 za Tanzania, hutoka katika mfuko wa mwajiri peke yake, na ndiyo maana kila pendekezo la kuziongeza siku hugongana na hoja ya gharama.

Oman, ambako ndugu zetu wengi wana makazi, imeweka mwaka 2023 siku 7 za baba zenye malipo, na kwa sheria mpya ya hifadhi ya jamii malipo hayo yametiwa katika bima ya uzazi pamoja na ya mama. Tanzania haihitaji kuunda chombo kipya ili ifanye vivyo hivyo: mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF, hulipa mafao ya uzazi kwa mama aliyechangia, na daftari za michango ya baba zimo katika ofisi zile zile. Tena mfuko huo hupokea michango ya watu waliojiajiri, ambao ndio wengi wetu, na ambao hakuna sheria ya mwajiri iwezayo kuwafikia. Uswidi humlipa kiwango cha chini cha kila siku hata mzazi asiye na mshahara. Kwa mlango huo mvuvi wa Kilwa na dereva wa bodaboda wa Temeke nao wangeweza kukaa nyumbani juma la kwanza la mtoto, bila chungu kuteguliwa.