Jua, mwezi na saa vilivyochora ramani ya Lualaba

Karibu na tarehe 21 ya mwezi wa kumi, mkaaji wa Kolwezi akisimama kiwanjani mchana, kivuli chake hukaa chini ya miguu. Jua liko juu ya kichwa. Litarudi hapo karibu na tarehe 20 ya mwezi wa pili. Kati ya siku hizo kivuli cha mchana huelekea kaskazini, na miezi mingine yote huelekea kusini, kwa sababu dunia inazunguka jua ikiwa imeinama, na Kolwezi iko karibu digrii 11 kusini ya ikweta.

Wapimaji wa zamani walitegemea jambo hilo hilo. Aliyetaka kujua yuko mbali kiasi gani na ikweta alipima urefu wa jua la mchana kwa sekstanti, akatazama kitabu cha hesabu, akapata jibu.

Taabu ilikuwa mashariki na magharibi. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa moja. Msafiri alipaswa kujua saa ya mahali alipo na, wakati uleule, saa ya Greenwich kule Uingereza. Saa aliyobeba ikikosea dakika moja tu, Kolwezi inasogea kilomita 27 hivi kwenye ramani. Na saa hizo zilibebwa na wapagazi, kwenye matope na mito, watu ambao ramani haziwataji. David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwaka 1871 akidhani mto huu ndio mwanzo wa Nile. Miaka michache kabla, mpagazi wa saa zake alianguka, saa zikatikisika, na hesabu zake zikapotoka.

Mwezi ulisaidia. Kila saa husogea kati ya nyota karibu upana wake wenyewe, kama mshale wa saa ambayo hakuna mpagazi anayeweza kuiangusha. Vitabu vya Ulaya viliandika mapema mwezi utakuwa umbali gani na nyota fulani, saa fulani ya Greenwich. Kazi ilikuwa kupima, kisha kupiga hesabu ndefu usiku kwa mwanga wa taa.

Kati ya 1898 na 1900 ofisa Mbelgiji Charles Lemaire alivuka Katanga akipima mahali kwa kutazama anga, pamoja na mchoraji Léon Dardenne. Haukuwa udadisi tu. Tarehe 12 mwezi wa tano 1894, kule Brussels, Uingereza na Leopold II walikuwa wamekubaliana kwamba mpaka ufuate mgongo wa nchi unaogawa maji: mvua ikinyesha upande mmoja inakwenda mto Kongo hadi Atlantiki, upande wa pili inakwenda Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Walisaini kwanza, kupima kukafuata. Kuanzia 1911 hadi 1914 tume ya Wabelgiji na Waingereza iliufuata mgongo huo na kuweka alama.

Vijiji havikuwa vimejengwa kwa kufuata mgongo wa maji. Walunda na Wakaonde walibaki pande zote mbili, huku Lualaba na kule Solwezi na Mwinilunga nchini Zambia, na mpaka leo wanavuka mstari huo kwenda kuoana na kuzikana.