KHALIFA UMAR ALIPOGEUZA NGAMIA WAKE: SOMO KWA ANAYETAKA KUSAFIRI WAKATI WA MARADHI

Bismillahi Rahmani Rahim.



Ndugu zangu katika imani, likizo ya Desemba 2021 ilipofika, swali lililonijia kila siku lilikuwa lile lile, ingawa kila mtu aliliuliza kwa namna yake. Mmoja alikuwa amelipia tiketi za familia nzima kwenda Dubai. Mwingine alikuwa amealikwa na shemeji zake Muscat, hawakuwa wameonana tangu kabla ya korona. Wa tatu alitaka kwenda Istanbul kutembea tu, maana mwaka mzima alikuwa amefanya kazi bila kupumzika. Wote waliuliza: "Shekhe, kimetangazwa kirusi kingine kipya. Niende au nisiende?" Na wengi walimalizia kwa kusema: "Ajali haina kinga. Kama nimeandikiwa, yatanikuta hata chumbani kwangu."

Sitaki kukujibu ndiyo au hapana kabla hatujarudi kwenye historia. Swali hili si geni katika umma huu. Liliulizwa zaidi ya miaka 1,380 iliyopita, na aliyelazimika kulijibu ni Amirul Muuminina Umar bin Al-Khattab (radhi za Allah ziwe juu yake). Naye hakuulizwa akiwa amekaa nyumbani. Aliulizwa akiwa njiani, safari imeshakatwa. Basi twende pamoja, ndugu yangu, usisome kwa haraka.

SAFARI ILIYOISHIA SARGH

Wanahistoria wengi wanalitaja tukio hili katika mwaka wa 17 au 18 Hijria, sawa na mwaka 638 au 639 Miladia. Sehemu kubwa ya Sham ilikuwa mikononi mwa Waislamu, na Umar alitoka Madina kwenda kuangalia hali ya watu na majeshi. Hakuwa anakwenda kupumzika. Ilikuwa safari ya kiongozi mwenye amana ya umma mabegani mwake.

Akafika mahali panapoitwa Sargh, mpakani mwa Hijazi na Sham, ng'ambo ya Tabuk. Wanavyuoni wametaja kuwa kutoka Madina hadi hapo ni marhala 13. Marhala moja ni mwendo wa siku moja wa msafara. Piga hesabu mwenyewe: siku 13 jangwani, juu ya ngamia, na maji ya kubeba.

Hapo Sargh akapokewa na makamanda wa Sham, wakiongozwa na Abu Ubayda bin Al-Jarrah, mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wakampa habari kwamba Sham kumeingia maradhi. Ilikuwa ni tauni, ile inayojulikana katika tarikh kama Tauni ya Amwas, kwa jina la mji uliokuwa Palestina, si mbali na Baytul Maqdis.

Angalia alivyofanya Umar. Hakuamua peke yake. Alimwambia Ibn Abbas amwitie Muhajirina wa mwanzo. Wakaja, akawashauri, wakatofautiana. Wengine walisema umetoka kwa jambo, hatuoni kuwa urudi. Wengine walisema unao maswahaba na watu waliobaki, usiwapeleke kwenye maradhi haya. Akawaruhusu waondoke, akaita Ansari. Nao wakatofautiana vile vile. Kisha akaita wazee wa Kikureshi waliohajiri wakati wa kufunguliwa Makka. Hao hawakutofautiana hata wawili. Wote walisema rudi na watu wako.

Umar akatangaza kwamba kesho asubuhi anapanda mnyama wake kurudi Madina.

Hapo ndipo Abu Ubayda alipouliza lile ambalo wewe unaniuliza leo. Alimuuliza kama anaikimbia Qadar ya Allah. Umar alitamani swali hilo lingetoka kwa mtu mwingine, kwa jinsi alivyomheshimu Abu Ubayda. Akamjibu kuwa ndiyo, wanaikimbia Qadar ya Allah kuiendea Qadar ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine ni mkavu. Akichunga penye majani, ni kwa Qadar ya Allah. Akichunga penye ukame, ni kwa Qadar ya Allah. Lakini hakuna mchungaji mwenye akili atakayewapeleka ngamia wake kwenye ukame, kisha aseme ndivyo ilivyoandikwa.

Wakiwa katika hali hiyo akaja Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwepo kwenye mashauriano kwa sababu ya shughuli yake. Akawaambia kuwa yeye ana elimu ya jambo hili: alimsikia Mtume (S.A.W.) akifundisha kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Allah, akaondoka. Habari hii imepokewa na Bukhari na Muslim, si hadithi ya mitaani.

Kuna jambo hapa ambalo wengi wetu hulipita. Uamuzi wa kurudi ulitangulia, hadithi ikaja baadaye kuuthibitisha. Umar alifika kwenye haki kwa kushauriana na kwa kuwahurumia aliokuwa nao. Na hakuna aliyemwambia kuwa imani yake imepungua.

WALIOBAKI NDANI

Historia haiishii kwa aliyerudi. Abu Ubayda alirejea Sham kwa watu wake. Umar akamwandikia barua akimwita Madina kwa haja muhimu. Abu Ubayda akaelewa kuwa Khalifa anataka kumwokoa. Akajibu kwa adabu kwamba yeye yuko pamoja na jeshi la Waislamu na hawezi kujipendelea nafsi yake kuliko wao. Umar alipoisoma barua ile akalia, hata watu wakadhani Abu Ubayda amekwisha kufa.

Umar akaandika tena, safari hii akimwamuru awahamishe watu kutoka ardhi ya chini yenye unyevu awapeleke ardhi ya juu yenye hewa safi. Abu Ubayda akatii, lakini ajali yake ikamfika. Baada yake uongozi akaushika Muadh bin Jabal, naye akafa, na mwanawe pia. Kisha Amr bin Al-As akawaamuru watu watawanyike milimani, wasikae pamoja, mpaka Allah alipoyaondoa maradhi. Umar alipopata habari hakumkataza. Wanahistoria wametaja kuwa waliokufa walifika watu 25,000.

Na baada ya tauni kuondoka, tarikh inataja kuwa Umar alikwenda Sham, akapanga mambo ya mirathi ya wale waliokufa. Kumbe safari ile haikupotea! Iliahirishwa tu.

ALIYEBEBA MARADHI BILA KUJUA

Utasema: "Shekhe, hayo ni ya kuingia kwenye maradhi. Mimi najiamini, nina afya, nitakwenda na kurudi." Basi sikiliza ya karne ya 19, maana hayo yanatuhusu sisi watu wa pwani moja kwa moja.

Mwaka 1865 kipindupindu kilizuka Makka katika msimu wa Hijja. Inakadiriwa kuwa hujaji 15,000 walifariki kati ya hujaji 90,000 hivi. Zamani msafara wa ngamia ulichukua wiki nyingi, na mgonjwa alifia njiani au alipona kabla ya kufika kwao. Lakini wakati huo zilikwisha kuja meli za moshi. Hujaji wakapanda meli Jidda, baada ya siku chache wakashuka Suez, wakapanda garimoshi mpaka Alexandria. Misri peke yake inakadiriwa walikufa watu zaidi ya 60,000. Kutoka hapo maradhi yakavuka bahari mpaka Ulaya, na kabla ya mwaka kwisha yakabisha hodi New York. Mwaka uliofuata mataifa yakakutana Istanbul kujadili namna ya kuyazuia, na baadaye hujaji wakawa wanawekwa karantini katika vituo kama Tor huko Sinai na kisiwa cha Kamaran.

Sasa tazama kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1869, zama za Sayyid Majid, kipindupindu kiliingia Unguja. Alikuwepo tabibu, Dk. James Christie, aliyefuatilia njia yake na kuandika kitabu kilichochapwa mwaka 1876. Kwa uchunguzi wake, maradhi yale yalitoka upande wa Makka, yakapita Uhabeshi, yakashuka nchi ya Wamasai, yakafika Pangani, na kutoka Pangani yakavuka kwa vyombo kuja Unguja. Maelfu walikufa. Kisha misafara ya biashara ikayabeba kwenda bara, na majahazi yakayafikisha Kilwa na Komoro.

Hebu jiulize: ni nani kati ya mabaharia na wapagazi wale aliyekusudia kuua? Hakuna. Kila mmoja alikuwa na safari yake ya halali. Mmoja anatafuta riziki, mwingine anarudi kwa mkewe. Walibeba mauti bila kujua. Wewe wa leo unajua. Umesikia, umesoma, simu iko mkononi mwako. Udhuru wao huna.

HIJJA YENYEWE ILIPUNGUZWA

Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ilisimamisha Umra kwa wageni wa nje. Mwaka ule Hijja ikafanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya nchi ile. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, nao wote wa ndani. Mwaka 2019 hujaji walikuwa karibu milioni 2 na nusu.

Wako wazee wetu waliodunduliza fedha za Hijja miaka mingi, wakaambiwa subirini. Wengine wamekufa wakisubiri, na tunataraji Allah amewaandikia kwa nia zao. Ikiwa nguzo ya dini imesubirishwa ili watu wasidhurike, matembezi ya Dubai yana uzito gani?

SASA WEWE MWENYE TIKETI

Mwanafunzi wa elimu anaweza kunikosoa: "Hadithi ni ya tauni, na wanavyuoni wametofautisha tauni na maradhi mengine ya kuambukiza. Tena Imam Nawawi ameeleza kuwa kutoka kwa haja, bila nia ya kukimbia, kunajuzu." Ahsante, ni kweli. Sisemi kila safari ni haramu. Lakini liko pia fundisho la Mtume (S.A.W.) la kutodhuru wala kudhuriana, na lile la kutochanganya ngamia wagonjwa na wazima. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama inajuzu. Uliza pia nani atadhurika.

Jipime kwa mambo manne.

Kwanza, haja yako. Matibabu, masomo, kazi, mzazi mgonjwa, hizo ni haja. Kwenda kwa tahadhari kuna nafasi yake. Kupumzika ni jambo zuri, lakini kunaweza kufanyika Lushoto, Bagamoyo, au barazani kwako na watoto wako.

Pili, unarudi kwa nani? Wewe una miaka 35, huenda ukakohoa siku chache ukapona. Je, mama yako wa miaka 70 unayelala naye nyumba moja, mwenye sukari na presha? Radhi zake unazitafuta kwa zawadi ya khanga kutoka Dubai, kumbe umemletea kitu kingine.

Tatu, ukikwama. Mipaka inaweza kufungwa ghafla. Ukikutwa na maradhi unaweza kuwekwa karantini kwa gharama yako, katika nchi isiyo yako, na watoto wanakutegemea. Je, fedha hiyo unayo, au utaanza kutuma ujumbe kwenye magrupu ya familia kuomba mchango?

Nne, na hili naomba ulisikie vizuri. Walikuwepo walionunua cheti cha kipimo bila kupimwa, au waliojijua wana dalili wakanywa dawa ya homa ili wapite uwanja wa ndege. Huu ni uongo na khiyana. Abiria aliyekaa kiti cha pembeni amekuamini. Hiyo si tawakkul hata kidogo. Tawakkul ni kufunga ngamia, kisha kumtegemea Allah.

Nasaha yangu ni hii: kama ni matembezi tu, ahirisha. Uliza shirika lako la ndege kama wanabadilisha tarehe. Kama fedha itapotea, iache ipotee. Umar alipoteza marhala 13 za kwenda na 13 za kurudi. Kama ni haja isiyo na budi, shauriana na familia na daktari, swali istikhara, pima kwa ukweli, vaa barakoa, na ukirudi kaa mbali na wazee siku kadhaa. Na kama maradhi yamo mwilini mwako tayari, usisafiri kabisa.

Wala tusimcheke anayeahirisha tukamwita mwoga. Mwoga hawezi kuwa Umar.

Ewe Allah, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, wahifadhi wasafiri wetu nchi kavu, baharini na angani, na utujaalie tuwe amani kwa jirani zetu na kwa wazazi wetu. Amin.

Aliyefaidika amfikishie mwenzake, hasa yule ambaye mabegi ameshayafunga.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.