Nani anakuona ukiwa mtandaoni? Kafe, kuki na simu yako mfukoni

Leo naomba tuongee jambo ambalo huwa tunaulizana pembeni ya kompyuta halafu tunaliacha hapohapo: ukiwa mtandaoni, nani anaona unachofanya? Na ukishaondoka, taarifa zako zinabaki wapi?

Mi yalinikuta. Nilipomaliza shule nilienda kafe moja kuomba kazi. Sikuwa na barua pepe, basi kijana wa kaunta akanifungulia. Nywila akaweka jina langu na 123, akaiandika kwenye daftari lake, eti nisije nikasahau. Nikamshukuru sana. Miezi minne baadaye najaribu kuingia, nywila inagoma. Kuna mtu ameibadilisha. Kwa bahati namba yangu ya simu ilikuwa imesajiliwa humo, nikahangaika mpaka akaunti ikarudi. Kufungua tu, nakuta barua ya kuitwa kwenye usaili. Tarehe ilishapita siku tisa. Aliyeingia simjui mpaka leo, maana lile daftari lilikuwa linakaa wazi juu ya kaunta, kila mteja analiona.

Toka siku hiyo nikaanza kusoma haya mambo. Nayaweka hapa kwa mpangilio, labda yatamsaidia mtu.

1. KUKI NI NINI HASA?

Kuki, wengine wanaita vidakuzi, ni maandishi mafupi ambayo tovuti inayaacha kwenye kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Alizibuni Lou Montulli mwaka 1994 akiwa mhandisi wa Netscape. Bila kuki, ungeingiza nywila upya kila ukifungua ukurasa. Kwa hiyo kuki siyo virusi, tusiogopeshane.

Kazi iko kwenye kuki za watu wa tatu. Umefungua gazeti, lakini ndani ya ukurasa kuna tangazo linalotoka kampuni nyingine kabisa. Kampuni hiyo nayo inaacha kuki yake. Kesho unafungua tovuti ya mpira, kuna tangazo la kampuni ileile. Inasoma kuki yake, inajua wewe ni yuleyule wa jana. Ndiyo maana ukitafuta viatu mara moja, viatu vinakufuata wiki nzima.

Firefox ilianza kuzuia kuki za ufuatiliaji yenyewe mwaka 2019. Safari ikazuia zote za watu wa tatu mwaka 2020. Google ilitangaza 2020 kwamba Chrome nayo itaziondoa, ikaahirisha weee, mwaka 2024 ikaachana na mpango huo. Kwa hiyo mtumiaji wa Chrome ingia mwenyewe kwenye mipangilio ya faragha uzizuie.

2. HALI FICHE SIYO HIRIZI

Wengi wakifungua lile dirisha jeusi la hali fiche wanadhani wametoweka. Hapana. Hali fiche inafuta historia na kuki ukishafunga madirisha yake yote, basi. Tovuti uliyofungua bado inaona anwani yako ya IP. Mwenye mtandao wa kafe na kampuni ya simu bado wanaweza kujua umeenda tovuti gani. Na faili ulilopakua linabaki kwenye kompyuta. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kuhusu taarifa zilizokusanywa watu wakiwa kwenye hali fiche, na mwaka 2024 ikakubali kufuta rekodi hizo ili kesi iishe.

Na ile https mwanzoni mwa anwani? Hiyo inamzuia mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe asisome unachoandika. Haikuhakikishii kwamba mwenye tovuti ni mtu mwema. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.

3. KWENYE KOMPYUTA YA KAFE

Kompyuta ya watu wengi inaweza kuwa na programu inayorekodi kila kibonye unachobonyeza. Hapo wala hali fiche haikusaidii. Ushauri wangu: mambo ya benki na hela usiyafanyie kafe. Ukibanwa sana, badilisha nywila ukifika kwenye kifaa chako. Mengine ni haya:

- Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kikatalie.
- Kufunga dirisha siyo kutoka kwenye akaunti. Bonyeza kitufe cha kutoka, halafu bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja ufute historia na kuki.
- Ukipakua CV, cheti au nakala ya kitambulisho cha NIDA, kifute, kisha safisha na lile pipa la taka.
- Tukitaka kuprinti, wengi tunamtumia muhudumu faili kwa WhatsApp. Cheti chako kinabaki kwenye simu au kompyuta yake. Mwombe akifute ukiwa bado umesimama hapo. Usione aibu.
- Kama ulifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya kafe, ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama bado imo. Kuna watu meseji zao zinasomwa mwezi mzima hawana habari.

Kumbuka pia kamera. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliagiza kafe za intaneti ziweke kamera. Kwa hiyo usishangae kuiona juu ya kichwa chako, na nywila ziandike ukijua hilo.

4. SIMU INANISIKILIZA?

Hili swali haliishi. Umeongelea godoro na dada yako, jioni unaona tangazo la godoro. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern, Marekani, walipima apu zaidi ya 17,000 za Android. Hawakukuta apu inayorekodi sauti kwa siri. Walichokuta ni apu zinazopiga picha au video ya skrini na kuzituma kwa kampuni nyingine bila mwenye simu kujua!

Ukweli ni kwamba wala hawahitaji kukusikiliza. Wana mahali ulipo, ulichotafuta, na namba ya matangazo ya simu yako. Kwenye Android hiyo namba inafutika: ingia mipangilio, Google, kisha matangazo. Kwenye iPhone, tangu 2021 apu inapaswa ikuombe ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye apu nyingine. Ikikuuliza, kataa.

5. APU ZA MIKOPO

Hapa ndipo watu wameumia kweli. Apu inaomba kuona majina yote kwenye simu yako, wewe unakubali kwa sababu una shida ya elfu ishirini. Ukichelewa kulipa, shangazi, mchungaji na bosi wako wote wanapata meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Mwaka 2023 Google ilizikataza apu za mikopo zilizo kwenye Play Store kuchukua majina na picha za mtumiaji. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikafungia apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Ila faili la apu unalotumiwa na rafiki halipiti Play Store, kwa hiyo kuwa macho. Tochi haina haja ya kujua majina ya ndugu zako.

6. SHERIA INASEMAJE?

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha yako na ya mawasiliano yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Wakenya wana sheria yao tangu 2019. Maana yake aliyechukua taarifa zako una haki ya kumuuliza anazo zipi, na zikiwa na makosa azirekebishe.

Sasa kabla muda wako wa kafe haujaisha, fanya mawili tu. Fungua sehemu ya usalama ya akaunti yako uone vifaa vilivyoingia, usichokitambua kiondoe. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, ili mwenye nywila yako asiingie bila simu yako.

Mi siku hizi nywila zangu naziandika kwenye daftari langu mwenyewe, na linakaa nyumbani. Mwenye swali au yaliyomkuta aandike hapo chini, ila jamani, namba za simu msiweke.