Sikio Lisikialo, Mkono Usioandika: Ubongo, Utunzi na Hukumu ya Sanaa

Utangulizi

Lugha ya Kiswahili ina jibu lake la zamani kwa swali la mahali sanaa inapozaliwa. Mapenzi na ladha hupelekwa moyoni au rohoni. Hesabu na hila hupelekwa kwenye bongo. Mwanafunzi huchemsha bongo, mpenzi huulizana na moyo wake, na wahenga walikwisha kukata shauri kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Mgawanyo huu umepenya hadi katika uhakiki wa fasihi, ambamo aghalabu husemwa kwamba mtunzi hutunga kwa hisia ilhali mhakiki huhukumu kwa akili.

Makala haya yananuia kuonyesha jinsi historia ya utafiti wa ubongo ilivyoutikisa mgawanyo huo. Hoja zake ni tatu. Kwanza, kuionja sanaa na kuitunga ni uwezo unaoweza kutenganishwa na maradhi. Pili, hukumu haiwezi kusimama pasipo hisia. Tatu, maarifa haya, pamoja na uzito wake wote, hayampi mhakiki kibali cha kuisoma kazi ya sanaa kana kwamba ni dalili ya ugonjwa. Hoja hii ya tatu ndiyo inayowahusu wanafasihi zaidi.

Kutoka falsafa hadi maabara

Kwa karne nyingi ujumi ulikuwa milki ya wanafalsafa. Katika karne ya 19 mambo mawili yalianza kuuhamisha. La kwanza lilitokea Ufaransa mwaka wa 1861, pale daktari Paul Broca alipouchunguza ubongo wa marehemu Leborgne, mgonjwa ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja, "tan". Broca alikuta dhara katika sehemu ya mbele ya upande wa kushoto. Tangu hapo upotevu wa lugha unaotokana na dhara la ubongo, yaani afasia, ukawa mlango wa kuchunguzia uhusiano wa akili na kiungo kinachoibeba.

La pili lilitokea Ujerumani. Mwaka wa 1876 Gustav Fechner wa Leipzig alichapisha kitabu kilichopendekeza ujumi unaoanzia chini, yaani kwenye mapendeleo ya watu wa kawaida, badala ya ule unaoteremka kutoka kwenye dhana kuu za wanafalsafa. Aliwaonyesha watu mistatili kumi yenye uwiano tofauti wa pande zake na kuwataka wachague uliowapendeza zaidi. Uzuri ukawa jambo la kuhesabika. Hata hivyo, Fechner alipima uteuzi wa maumbo matupu, na umbali kati ya mstatili na riwaya ni mkubwa. Ilibidi kusubiri hadi karne ya 20 ndipo ubongo wa msanii kamili uchunguzwe kwa makini.

Wasanii watatu wa Alajouanine

Mwaka wa 1948 Théophile Alajouanine, daktari wa neva wa Paris, alichapisha katika jarida la Brain la Uingereza makala kuhusu afasia na utendaji wa kisanaa. Aliwalinganisha wasanii watatu waliopatwa na afasia: mwandishi, mtunzi wa muziki na mchoraji.

Mwandishi huyo alikuwa Valery Larbaud, aliyezaliwa Vichy mwaka wa 1881. Kabla ya maradhi alikuwa miongoni mwa wasomaji wapana wa fasihi za kigeni katika Ufaransa ya wakati wake. Mwezi Desemba 1921 alitoa mhadhara uliowatambulisha Wafaransa kwa riwaya ya Ulysses ya James Joyce, na baadaye alishiriki katika kusimamia tafsiri ya riwaya hiyo iliyotoka mwaka wa 1929. Mwezi Agosti 1935 alipigwa na kiharusi kilichopoozesha upande wake wa kulia na kumnyang'anya usemi. Aliishi hivyo kwa zaidi ya miaka 21, hadi Februari 1957. Alielewa aliyoambiwa na kusomewa, kumbukumbu yake ilidumu, na ladha yake ya fasihi haikuharibika. Lakini hakuandika tena. Mtu aliyeishi ndani ya lugha kadhaa alibakiwa na vipande vichache vya maneno, kikiwemo kimoja kilichojirudia cha kuyaaga mambo ya hapa duniani.

Mtunzi wa muziki alikuwa Maurice Ravel. Dalili za maradhi yake zilidhihirika mnamo 1933. Kuandika, hata sahihi yake, kukawa kazi ya kutesa. Alajouanine alimfanyia majaribio. Ravel alizitambua nyimbo mara moja. Kosa dogo la noti au mapigo katika kazi zake mwenyewe halikumpita, na aligundua hata kwamba piano iliyotumiwa ilikuwa imepotoka kidogo. Pamoja na hayo, kusoma noti, kuziandika na kuzicheza kwa kuzitazama kulimshinda kwa kiasi kikubwa. Aliwaeleza rafiki zake kwamba opera aliyoikusudia kuhusu Jeanne d'Arc ilikuwa kichwani mwake na kwamba aliisikia, ila hataiandika kamwe. Alifariki tarehe 28 Desemba 1937, siku chache baada ya kupasuliwa kichwa.

Mchoraji ndiye aliyesalimika. Lugha yake iliharibika vibaya, lakini picha zake ziliendelea kuwa na ubora uleule. Yeye mwenyewe alisema kuwa ndani yake mlikuwa na watu wawili: anayechora, ambaye ni mzima wakati wa kuchora, na mwingine aliyepotelea ukunguni.

Mafunzo ya kesi hizi kwa nadharia ya fasihi ni bayana. Kuonja na kutunga si kitendo kimoja chenye majina mawili. Larbaud na Ravel walibaki wahakiki walipokwisha kukoma kuwa watunzi. Wala haitoshi kusema kwamba kilichopotea ni mkono wa kuandikia. Fasihi ya Kiswahili inautambua vyema utengano wa kutunga na kuandika: mashairi mengi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka wa 1840, yaliishi katika kumbukumbu za watu kabla ya Mwalimu Sikujua kuyaweka kwenye maandishi. Shairi la Muyaka lilikuwa limekwisha kukamilika mdomoni. Opera ya Ravel haikufika hata mdomoni. Laiti angewekewa mwandishi wa kumwandikia, asingekuwa na namna ya kumwamlia. Kilichovunjika ni daraja la ndani, linaloigeuza sauti inayosikika akilini kuwa mfuatano wa alama au matendo.

Hata hivyo kesi tatu haziwi kanuni. Mtunzi wa Kirusi Vissarion Shebalin, aliyepigwa na kiharusi mwaka wa 1953 na tena 1959, alipoteza sehemu kubwa ya lugha yake lakini akaendelea kutunga, na simfonia yake ya tano ilitoka mwaka wa 1962. Aleksandr Luria na wenzake waliieleza kesi hiyo mwaka wa 1965. Ravel na Shebalin wakiwekwa pamoja, haiwezekani tena kudai kwamba muziki na lugha vina makao mamoja, wala kwamba kila ubongo umepangwa sawasawa.

Hukumu na hisia

Swali la uamuzi lina historia yake, nayo ilianza kabla ya Broca. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, mlipuko wa baruti ulikirusha chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kupitia shavu la kushoto la msimamizi wa ujenzi wa reli, Phineas Gage, kikatokea utosini. Gage aliishi hadi 1860. Mwaka wa 1868 daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilikuwa imebadilika: mtu aliyepanga mambo yake vizuri akawa kigeugeu. Katika masimulizi ya baadaye kisa kilikua mithili ya ngano, Gage akafanywa mlevi na mhuni asiyefaa kwa lolote. Mwanahistoria Malcolm Macmillan alionyesha mwaka wa 2000 kwamba mengi ya hayo hayana ushahidi, na kwamba Gage aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyowezekana kwa mtu aliyepotewa na uamuzi kabisa. Wanafasihi hawana budi kuliona hili: hata sayansi hupokea visa vyake kwa njia ya usimulizi, na msimulizi huongeza chumvi.

Ushahidi thabiti zaidi ulitokana na wagonjwa wa karne ya 20. Katika kitabu chake cha 1994, Antonio Damasio alieleza hali ya watu walioumia sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, juu ya matundu ya macho. Walifaulu mitihani ya akili, lakini maamuzi ya kawaida yaliwashinda. Mmoja, alipoombwa kuchagua moja kati ya tarehe mbili za miadi, alizipima faida na hasara zake kwa karibu nusu saa bila kufikia tamati. Hoja ya Damasio ni kwamba mantiki yake haikupungua. Kilichokosekana ni hisia ya kuifanya siku moja iwe na uzito kuliko nyingine.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa 2004, Hideaki Kawabata na Semir Zeki wa London walipima ubongo wa watu waliokuwa wakitazama picha ambazo wenyewe walikwisha kuziainisha kuwa nzuri, mbaya au za wastani. Picha zilizohesabiwa kuwa nzuri ziliambatana na utendaji mkubwa zaidi katika sehemu iyo hiyo ya chini ya ubongo wa mbele. Haifai kulikuza jambo hili kupita kiasi, kwani sehemu hiyo hushughulikia thamani za aina nyingi, zikiwemo za chakula na fedha. Lakini linatosha kuutilia shaka ule mgawanyo wa moyo na bongo. Mhakiki anayedai kuhukumu kwa akili kavu anadai jambo ambalo mgonjwa wa Damasio alilifanya, naye hakuweza kuhukumu.

Kazi ya sanaa si dalili

Hapa ndipo hatari ilipo. Ravel alitunga Boléro mwaka wa 1928, na kazi hiyo imejengwa juu ya urudiaji wa lahani ileile. Mwaka wa 1994 Anne Adams, mwanasayansi wa Kanada aliyegeukia uchoraji, aliichora Boléro, akakifanya kila kipimo cha muziki kuwa umbo la wima. Miaka iliyofuata alipatwa na maradhi yaliyomomonyoa lugha yake, akafariki mwaka wa 2007. Mwaka wa 2008 William Seeley na wenzake, wakiandika katika jarida lile lile la Brain, walipendekeza kwamba Adams na Ravel yamkini walikumbwa na maradhi ya aina moja, na kwamba mvuto wa urudiaji uliwaunganisha.

Kuhusu picha za Adams, ushahidi wa vipimo vya ubongo una uzito wake. Kuhusu Boléro, hoja inayumba. Ravel aliitunga kwa ajili ya dansi ya Ida Rubinstein na akaieleza kuwa jaribio lililowekewa mipaka kwa makusudi. Baada yake, kati ya 1929 na 1931, alitunga koncheto mbili za piano zisizo na urudiaji wa namna hiyo. Msomaji wa tenzi anaweza kuongeza jambo jingine. Katika utenzi, kina cha mwisho cha ubeti hudumu kilekile tangu dua ya ufunguzi hadi tamati, pengine kwa mamia ya beti. Hakuna aliyewahi kumshuku mtunzi wake kuwa mgonjwa, kwa sababu urudiaji huo ni wa bahari ya utungo, nao una kazi yake katika kumbukumbu na katika ghani. Urudiaji pekee hauthibitishi maradhi. Maana yake hutokana na kaida, hadhira na kusudio, mambo ambayo kipimo cha ubongo hakiyaonyeshi.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inawapa wanafasihi mambo mawili ya kuyashika pamoja. Tajriba ya sanaa ina mwili: kiharusi kimoja kiliweza kumwachia Larbaud maktaba yake na kumnyima sentensi. Nadharia yoyote ya ubunifu inayojifanya kwamba kipaji huelea pasipo kiungo cha kukibeba itashindwa kueleza kisa hicho. Kwa upande wa pili, Alajouanine mwenyewe alionyesha mfano wa kiasi. Aliwachunguza wagonjwa wake ili kujua ni uwezo gani umesalia na upi umeondoka. Hakuzifanya kazi walizozitunga walipokuwa wazima kuwa vyeti vya maradhi. Mhakiki wa Kiswahili anayetaka kuutumia utafiti wa ubongo atafaidika akianzia hapo: kwa kuuliza mtunzi alikuwa na njia gani mbele yake, na kwa nini, katika zote hizo, akaiteua ile aliyoiteua.