Mkate wa ndizi bila sukari mob: Vile unaeza jiokea kwa keja na meko ama jiko tu

Ingia supa yoyote ya Buruburu ama Donholm ucheki rafu ya keki. Ikiwa na ndizi ndani, rangi ni brown na imefungwa na karatasi ya khaki, bei inapanda na wasee wanaibeba wakijua wamebeba afya. Lakini ndizi kuwa ndani haimaanishi keki imeacha kuwa keki. Inategemea nani ameoka na ameweka nini.

Poa ni kwamba hii kitu unaeza jiokea mwenyewe, hata kama keja yako ni rumu moja huko Kayole na oveni umeionanga tu kwa TV. Hauhitaji unga ya mlozi wala sukari ya nazi. Mkate wa ndizi unakuwa rafiki wa mwili wako ukipunguza sukari na mafuta, na hio kazi haikugharimu kitu.

HESABU YA SUKARI KWANZA

Resipi nyingi za mtandaoni zinataka sukari robo tatu hadi kikombe kizima kwa mkate mmoja. Kikombe kimoja cha sukari ni kama gramu 200. Ukikata mkate slesi 10, kila slesi imebeba gramu 20, yaani vijiko tano za chai.

Sasa cheki hii. Mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilisema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu yote unapata kwa chakula kwa siku, na ikiwezekana ikae chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, hio asilimia 5 ni kama gramu 25, vijiko sita. So slesi moja na chai ya vijiko mbili, ushapitisha ya siku nzima na hata saa nne asubuhi haijafika.

Na usidanganywe na asali. WHO inahesabu asali, sharubati na juisi kwa kundi moja na sukari ya dukani. Kutoa sukari nyeupe ukaweka kikombe cha asali ama sukari nguru ni kubadilisha jezi tu, mchezaji ni yule yule. Sukari iliyo ndani ya tunda lenyewe haiko kwa hio hesabu. Ndio maana hapa tunaachia ndizi kazi ya utamu.

HII KITU ILITOKA WAPI?

Ni chakula ya watu wamesota, usione vile inauzwa bei ya juu leo. Resipi zake zilishika Marekani miaka ya 1930, wakati uchumi ulikuwa umeanguka na hakuna mtu angetupa ndizi juu imekuwa nyeusi. Wakati huo huo baking soda na baking powder zilikuwa zimejaa madukani, so ungeoka bila kungoja hamira iumuke. Kampuni ya unga ya Pillsbury iliweka resipi yake kwa kitabu ya mapishi ya 1933.

Halafu ikarudi kwa kishindo 2020. Dunia ilikuwa imefungiwa ndani, na hata Nairobi hakukuwa na kuingia wala kutoka kuanzia 6 Aprili hadi mapema Julai. Watu wakakaa nyumbani, ndizi zikaiva kwa meza, na picha za mikate zikajaa mtandaoni.

NDIZI GANI NDIO NDIZI?

Kwa mama mboga utapata aina mbili kubwa za kula zikiwa mbivu: kampala, zile ndefu, na ndizi sukari, zile fupi za ngozi laini. Zote zinafanya. Kampala nne za saizi ya kawaida zinatosha mkate mmoja. Ukitumia ndizi sukari, hesabu kama nane, ama ponda hadi upate kikombe moja na nusu.

Kitu ya maana ni kuiva. Ndizi ya kijani imejaa wanga. Vile inaiva, huo wanga unageuka kuwa sukari, ndio maana ile iko na madoa meusi ni tamu kuliko ile ya manjano safi. Ukioka na ndizi ya manjano bado ngumu, utajikuta unaongeza sukari kufidia. So pitia kwa mama mboga jioni, uliza zile wateja wamekataa juu ya sura. Mara mob atakupunguzia, juu kesho haziuziki.

Lakini nyeusi si sawa na mbovu. Ikiwa na ukungu, inatoa maji ama inanuka pombe, achana nayo.

Ndizi zako bado ngumu? Zifunge kwa karatasi ya khaki pamoja na ndizi moja mbivu, uziache siku mbili ama tatu. Ndizi mbivu inatoa gesi inaitwa ethilini, na hio ndio inaambia zingine ziive. Chunga tu zile zimeivishwa kwa nguvu na kabaidi, ile kemikali ya kuchomelea vyuma. Nje ni manjano kama rangi ya kupaka, ndani ngumu na haina ladha. Kabaidi inaeza beba mabaki ya aseniki na fosforasi, na hizo si vitu unataka kwa tumbo.

UNGA NA MAFUTA

Unga: tumia ngano ya brown, ile watu hupikia chapo za brown. Soma paketi, juu si kila unga ya brown ni nafaka nzima. Halafu ongeza wimbi kidogo kutoka kwa posho mill. Wimbi iko na nyuzinyuzi na kalsiamu mara kadhaa kuliko ngano nyeupe. Usipitishe robo ya unga yote, juu wimbi haina ile kamba ya ngano inashikanisha mkate. Ukizidisha, utakula makombo na kijiko.

Mafuta: resipi nyingi zinataka nusu kikombe ya siagi. Sisi tunaweka robo kikombe ya mafuta ya maji, na pengo tunajaza na mala. Mafuta ya alizeti yako na mafuta mazito kidogo kuliko yale ya mawese ama yale ya kuganda kwa mkebe. Mala inafanya mkate ukae laini, na uchachu wake unaamsha baking soda.

Hapo kwa soda, sikiza vizuri. Magadi ya githeri si baking soda. Zote zinaanza kwa jamii moja, lakini magadi kutoka Ziwa Magadi ni kali zaidi na itakuachia mkate wa ladha ya sabuni. Nunua ile mkebe imeandikwa baking soda.

VITU UNAHITAJI

Hauna kikombe ya kupima? Paketi ya maziwa ya mililita 500 ni vikombe viwili. Mwaga maji yake kwa mug, weka alama, umemaliza.

- Ndizi kampala 4 zilizoiva kabisa
- Mayai 2
- Unga ya ngano ya brown, kikombe 1 na nusu
- Unga ya wimbi, nusu kikombe
- Mafuta ya maji, robo kikombe
- Mala, robo kikombe
- Sukari, vijiko vikubwa 3
- Baking soda, kijiko 1 cha chai
- Baking powder, kijiko 1 cha chai
- Mdalasini, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Karanga zilizokaangwa na kupondwa, konzi moja, kama hakuna mtu kwa nyumba anadhuriwa na karanga

Hizo vijiko vikubwa 3 za sukari ni chini ya gramu 40. Ukikata slesi 10, kila moja inapata chini ya kijiko kimoja cha chai. Kutoka tano hadi moja. Ukizoea, mkate wa pili weka vijiko viwili, wa tatu kimoja. Mdalasini inasaidia hapa, juu harufu yake inafanya ulimi udhani kuna utamu zaidi.

VILE UNAFANYA

1. Paka mafuta bati la kuokea, nyunyizia unga kidogo. Bati unaeza pata Kamukunji kwa mafundi wa jua kali. Sufuria ndogo isiyo na mshikio wa plastiki pia inafanya.
2. Ponda ndizi na uma hadi ziwe uji. Vipande vidogo vikibaki, si noma.
3. Weka mayai, mafuta, mala na sukari kwa ndizi. Koroga.
4. Kwa bakuli ingine, changanya unga zote mbili, baking soda, baking powder, mdalasini na chumvi.
5. Mwaga kavu kwa maji. Koroga polepole na mwiko hadi usione unga nyeupe, halafu simama hapo. Ukikoroga sana, ngano inakaza na utapata mkate wa kuvutana nao.
6. Ongeza karanga, mimina kwa bati, usijaze kupita robo tatu.
7. Oka saa hio hio. Baking soda inaanza kazi ikikutana na mala, ukienda kwanza kupiga stori hewa inaisha.

Kwa oveni ni digrii 175, dakika 50 hadi 60. Dunga katikati na njiti. Ikitoka safi, imeiva. Ikitoka na uji, ongeza dakika kumi.

HAUNA OVENI?

Meko: chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga safi mkavu kama vikombe viwili, weka juu vijiwe vitatu ama kifuniko kidogo kilichogeuzwa. Funika, pasha moto mdogo dakika 10. Ingiza bati, funika, weka kitu nzito kidogo juu joto isitoroke. Acha moto mdogo kabisa, dakika 60 hadi 75. Usifunue kila saa kuchungulia kabla dakika 45 kuisha, juu mkate utaanguka katikati. Chunga pia sufuria isiwe pana sana kupita meko, juu joto linarudi chini kwa mtungi. Na usijaze mchanga hadi mtungi uyumbe.

Jiko: hapa tunaazima ujanja wa Pwani, pale mkate wa mayai unaokwa na makaa juu na chini. Makaa kidogo chini, makaa mengi kwa kifuniko. Wengi hufanya kinyume na ndio maana mikate yao inaungua tako na juu bado ni uji.

Jiko likae nje, kwa koridoo yenye hewa ama balcony, mbali na watoto. Makaa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa haina rangi wala harufu, na inaua watu wamelala. Hasa ile baridi ya Juni na Julai, usiingize jiko kwa keja ati mkate uishe kuiva ukiota moto. Mkate ukitoka, makaa yazimwe huko huko nje.

KAMA MATHE AKO NA SUKARI

Wengi wetu tunataka kuoka juu kuna mtu kwa nyumba ameambiwa kliniki apunguze vitu tamu. Hapa tusidanganyane. Hii mkate ni poa kuliko ya supa, lakini si dawa na haijakosa sukari. Ndizi moja ya wastani iko na kama gramu 14 za sukari yake ya asili, na unga pia inageuka kuwa sukari mwilini.

So kwa mathe ama mzee, toa zile vijiko vitatu kabisa, usiache karanga, na umkatie slesi nyembamba moja. Aile pamoja na yai ama kitu ingine ya protini, na chai bila sukari. Kama ako na kipimo nyumbani, apime kabla na masaa mawili baada ya kula, aone mwili wake unasema nini, halafu apeleke hizo namba kwa daktari wake. Na asiruke dawa juu eti leo amekula mkate wa afya.

MAMBO IKIENDA KOMBO

Mkate ni mzito kama tofali: ulikoroga sana, ama baking powder imekaa mwaka kwa kabati. Ijaribu kwa maji ya moto, isipotoa povu, tupa.

Katikati ni maji maji: ndizi zilikuwa mob ama moto ulikuwa mkali, nje ikawahi ndani. Punguza moto, ongeza muda.

Unatumia unga ya kujiumua: usiweke baking powder, iko ndani tayari. Baking soda punguza hadi nusu kijiko.

VILE UTAIWEKA

Ngoja dakika 10 kabla ya kutoa kwa bati, halafu iache ipoe kabisa ndio ukate. Ikiwa moto itavunjika. Sukari husaidia chakula isiharibike, so hii yetu itapata ukungu mapema kuliko ya supa. Kwa mkebe uliofungwa vizuri ni siku mbili ama tatu, kwa friji ni kama wiki. Kama hauna friji na unaishi solo, kata nusu mapema upelekee jirani kabla ukungu haujafika.